Kuliandaa tanuri la kuni kabla ya kufungwa bena ya gesi

"Fundi, bena ninayo tayari, njoo unifungie." Simu za namna hii nazizoea hapa Mtwara. Anayepiga huwa ni mama au kijana mwenye tanuri la mikate uani, tanuri lililokula kuni, vifuu na maganda ya korosho miaka na miaka. Nikifika nakuta bena, yaani kichomeo cha gesi, inang'aa ndani ya boksi, mtungi umejaa, na mara nyingine unga umeshakandwa. Tanuri lenyewe sasa: majivu hadi magotini, dohani imeziba nusu, mlango umepinda kiasi cha kupitisha panya. Hapo ndipo tunapoanza kukosana, kwa sababu kufunga bena ni kazi ya nusu siku na kuliandaa tanuri ni kazi ya majuma mawili hivi.

Mwongozo huu ni wa hayo majuma mawili. Nimeuandika kwa mwenye tanuri na kwa saidia fundi anayejifunza. Kuunganisha gesi na kuwasha mara ya kwanza mwachie fundi aliyesomea gesi. Yaliyobaki karibu yote unaweza kuyafanya mwenyewe, ukiwa na mtu mmoja wa kukushikia tochi.

Jua kwanza ni gesi ipi

Sisi wa kusini tuna tatizo letu wenyewe: gesi imo chini ya miguu yetu. Ya Mnazi Bay iligunduliwa mwaka 1982, ya Songo Songo kule Kilwa mwaka 1974, na tangu 2015 bomba kubwa linaipeleka Dar es Salaam. Mtu aliyekulia karibu na mtambo wa Madimba anaona gesi ni gesi tu. Sivyo.

Gesi asilia karibu yote ni methani. Ni nyepesi kuliko hewa, kwa hiyo ikivuja inapanda juu na kutafuta upenyo darini. Gesi ya mtungi ni mchanganyiko wa propani na butani, na uzito wake ni mara moja na nusu hadi mara mbili ya hewa. Ikivuja inamwagika kama maji: inatambaa sakafuni, inashuka ngazi, inalala kwenye shimo lolote itakalolikuta. Tundu za jeti, kile kipande cha bena kinachopulizia gesi, pia si za ukubwa mmoja. Ya gesi asilia ni kubwa zaidi, na bena yenye jeti hiyo ukiifungia mtungi inatoa moto mrefu wa manjano unaolamba trei na kumwaga masizi kwenye mikate.

Kwa hiyo soma kibao cha bena kabla ya kushika nyundo. Kama hakitaji gesi ya mtungi, au hakuna kibao kabisa, irudishe dukani ungali na risiti. Kuanzia hapa nachukulia kwamba unatumia mtungi, kwa kuwa ndivyo ilivyo kwa matanuri mengi ya uani.

Poza, na usidanganywe na tofali

Tanuri la tofali ni kama mzee mwenye kinyongo, haliachi joto upesi. Acha siku mbili nzima tangu kuokea kwa mwisho. Kuna mama mmoja wa Chikongola aliwahi kuniambia, "Mwanangu, ingia tu, moto nimeuzima tangu alfajiri." Nikachukua kipande cha mshumaa, nikakiweka kwenye sakafu ya tanuri, tukakaa kunywa chai. Tuliporudi kimelainika na kulala ubavu. Kipimo hicho hakina gharama, kitumie.

Kama kuna taa ya ndani, feni ya kupulizia au waya wowote unaopita karibu, zima kwenye swichi kuu ya nyumba. Swichi ya ukutani usiiamini, nyumba nyingi nilizofanyia kazi zimefungwa waya kinyume. Kisha ng'oa waya uliopita mgongoni mwa tanuri uuhamishe kabisa, usiufunike kwa tepu.

Ondoa masizi, hasa ya korosho

Vaa kitambaa cha pua kilicho kizito, miwani na glavu. Toa chaga, trei na kila kinachotoka. Nyunyiza maji kidogo kwenye majivu kabla ya kuyakusanya ili vumbi lisiruke, kisha yaweke kwenye ndoo ya bati, si kwenye mfuko wa salfeti. Kaa moja iliyozikwa ndani ya majivu inaweza kukaa hai muda mrefu kuliko unavyodhani.

Masizi ya kuni yanatoka kwa brashi ya waya. Ya maganda ya korosho ni habari nyingine. Ganda lina mafuta makali, yale yale yanayobabua vidole vya kina mama wanaobangua, na likiungua vibaya mafuta hayo yanapanda na moshi na kugandamana dohani kama lami. Nimewahi kubandua kipande kinene kama kidole gumba. Ukikivunja kinang'aa ndani kama kioo cheusi, ukikisogeza kwenye moto kinashika upesi na kutiririka huku kikiwaka. Sasa fikiria bena inayotuma joto kali mfululizo chini ya dohani iliyopakwa kitu hicho kutoka chini hadi juu. Hiyo ni tambi ya koroboi yenye urefu wa mita tatu.

Lami hiyo ikwanguliwe kwa tindo na nyundo nyepesi, kwa subira, kuanzia juu kwenda chini. Kwenye kona tumia mnyororo mdogo uliofungwa kwenye kamba: uteremshe dohani na kuuzungusha ukigonga kuta. Usitie petroli wala mafuta ya taa ili "kuilainisha", mvuke wake unabaki kwenye nyufa siku nyingi. Wala usiwashe moto mkubwa makusudi eti iungue yote iishe, ni hivyo hivyo mabanda yanavyoteketea. Kabla ya kuanza, jipake mafuta ya nazi mikononi na usoni chini ya hizo glavu na miwani, kama wabanguaji wanavyofanya. Makombo yake usiyatupe jikoni wala usiwape watoto wawashie moto, yazike.

Kama dohani ni ya bati na lami imeila hadi bati limekuwa jembamba, usijisumbue kuisafisha. Nunua nyingine.

Neno moja kwa wenye matanuri ya kiwandani ya zamani: kamba nyeupe au ya kijivu iliyozunguka mlango, na mbao laini za kijivu nyuma ya bati, huenda ni asibesto. Vumbi lake likiingia mapafuni halitoki. Usiikate, usiipige brashi, usiifagie. Simamisha kazi umwite mtu mwenye utaalamu wa kuiondoa.

Shimo la majivu

Hapa ndipo ninapotaka ukae kitako.

Tanuri la kuni lina shimo chini ya chaga. Majivu yanaangukia humo, na mwenye tanuri anayazoa kupitia mlango mdogo wa mbele. Kwa kuni ni kitu kizuri kabisa. Kwa gesi ya mtungi ni bakuli la kukingia maafa.

Piga hesabu nami. Shimo la kawaida lina sentimita 60 kwa 60, kina 50. Hizo ni lita 180. Gesi ya mtungi ikifika karibu asilimia 2 ya hewa, mchanganyiko unaweza kulipuka. Asilimia 2 ya lita 180 ni lita tatu na nusu hivi za gesi, uzito wake gramu saba au nane. Ni gesi iliyo ndani ya viberiti viwili vidogo vya gesi vya dukani. Bena ya kilowati 15 hutoa kiasi hicho kwa sekunde ishirini na kitu. Yaani fungua koki, kiberiti kikatae mara mbili, umwite mtoto akuletee kingine, na shimo limeshajaa.

Silisemi hili kutoka vitabuni. Nilikuwa saidia fundi, tunafunga bena kwenye tanuri la uani Mikindani. Fundi wangu alikwenda kutafuta tepu ya nyuzi. Mimi kwa ujana na kiherehere nikataka akirudi akute moto unawaka. Koki nikafungua, kiberiti cha kwanza kikazimwa na upepo, cha pili kikavunjika kichwa, cha tatu kikawaka. Sikusikia mlio wa kutisha, nilisikia "buu" nzito kama mtu ameangusha gunia la mpunga. Kisha sikuona kitu. Majivu yote ya shimoni yalinyanyuka, yakatoka na mlango wa chini, yakanikuta nimechuchumaa. Nilipojifuta uso, nyusi zilibaki kwenye kiganja. Fundi aliporudi hakunigombeza. Aliokota fimbo, akaipima urefu wa shimo, akaniambia, "Nenda kalete kokoto."

Ndiyo dawa yenyewe: shimo lisiwepo. Zoa majivu yote hadi chini. Jaza kokoto na mchanga mkavu, shindilia kila sentimita kumi, kisha juu panga tofali za moto ziwe sakafu mpya. Mlango mdogo wa mbele uzibe kwa tofali, usiuache kwa matumaini kwamba siku gesi ikipanda bei utarudi kwenye kuni. Mchanga usiwe wa ufukweni, chumvi yake inakula chuma.

Kama ujenzi haukuruhusu kujaza shimo, lifungue moja kwa moja hadi nje: tundu liwe sawa na sakafu ya shimo, upana wa tofali zima, na ardhi ya nje iwe chini kuliko sakafu hiyo ili gesi iteremke yenyewe. Ukiweka wavu wa kuzuia panya, uwe wa matundu makubwa. Mimi napendelea kokoto.

Ukimaliza shimo, tazama chumba kizima kwa jicho hilo hilo. Mfereji wa maji machafu ulioko ndani, chemba isiyo na mfuniko, ngazi inayoshuka stoo, yote hayo ni mashimo ya majivu kwa jina jingine.

Nyufa, tofali na vitu vya kutotumia

Subiri Magharibi iingie, zima taa, weka tochi kali ndani ya tanuri na ufunge mlango. Zunguka nje taratibu. Kila unapoona mwanga, moshi wa bena utapita hapo. Weka alama kwa chaki. Kesho yake fanya jaribio la pili: choma makumbi mabichi machache ndani, yanatoa moshi mzito bila moto mkubwa, ziba dohani kwa gunia lililoloweshwa, kisha tazama moshi unatokea wapi. Mlango wa chumba uwe wazi na usikae ndani.

Ufa mwembamba usiopitisha ncha ya kalamu unazibwa. Tofali linalocheza ukiligusa linatolewa na kujengwa upya. Ukuta uliofanya tumbo unabomolewa, na hapo usibishane na fundi wako.

Vifaa vya kuzibia ndivyo vinavyowaponza wengi. Saruji tunayo tele, kiwanda kipo hapa Hiari, lakini saruji ya kawaida ikipita nyuzi 300 inaanza kupoteza nguvu na baadaye inamong'onyoka. Itumie ukuta wa nje tu. Ndani tumia tofali za moto na udongo wake maalumu wa kuungia. Usipoupata, mfinyanzi safi uliochanganywa na unga wa tofali za kuchoma zilizopondwa unafaa kwa tanuri la mikate.

Mawe ya matumbawe usiyaingize ndani hata kidogo. Najua yapo bure pwani nzima, na nyumba za kale za Mikindani zimesimama kwa mawe hayo. Lakini mtu wa pwani anajua chokaa inapatikanaje: unachoma matumbawe. Jiwe lililo karibu na bena litageuka chokaa polepole, siku ya unyevunyevu litanywa maji, litavimba na kupasuka, na ukuta utakuangukia kwenye trei.

Bati la mabati nalo lisikae karibu na moto. Ile rangi ya fedha ni zinki, inayeyuka kwenye nyuzi 420, na ikichomwa sana inatoa moshi mweupe unaompa mtu homa usiku ule ule. Pachika shiti nyeusi ya chuma ya milimita 3.

Ukishaziba, usiharakishe kukausha. Maji yaliyo ndani ya udongo yakichemka ghafla yanarusha vipande. Acha siku tatu kwa hewa tu, mlango wazi. Siku ya nne weka makaa kidogo kwa muda wa saa mbili, siku ya tano makaa zaidi kwa muda wa saa nne, siku ya sita joto la kuokea. Makaa ya kukaushia yatoe yote, poza, kisha rudia jaribio la tochi.

Dohani ivute

Watu husema gesi haina moshi, basi dohani ya nini? Gesi inapoungua vizuri inatoa mvuke wa maji na kaboni dayoksaidi. Hewa ikipungua inatoa kaboni monoksaidi, ambayo haina rangi wala harufu. Kichwa kinaanza kugonga, unaona kizunguzungu, kichefuchefu, unadhani ni njaa au malaria, unakaa chini upumzike, na pengine usiinuke. Kuitoa hewa hiyo nje ndiyo kazi ya dohani.

Kipimo changu ni kijiti cha udi. Washa makaa kidogo ndani dohani ipate joto, kisha shika udi kwenye mlango ulioachwa wazi kidogo. Moshi wa udi uingie ndani moja kwa moja. Ukisimama au ukirudi kwako, dohani haivuti. Rudia jaribio hili wakati wa kusi, upepo unapovuma hasa, kwa sababu dohani inayovuta vizuri asubuhi tulivu inaweza kupuliziwa chini alasiri. Kichwa cha dohani kipite kilele cha paa kwa sentimita 60 au zaidi, kiwe na kofia yenye nafasi pembeni. Angalia ndani: viota vya kunguru, na hasa nyuki.

Inapopita darini, iwe mbali na papi na kenchi za mbao walau shibiri moja, na uivishe bomba pana zaidi mahali hapo. Kama banda ni la makuti, sikufichi: mimi sifungi. Ezua sehemu ya juu ya tanuri, weka bati, ndipo tuzungumze.

Chumba

Kilo moja ya gesi inahitaji mita za ujazo 13 za hewa ili iungue. Bena ya kilowati 15 inakula kilo moja na robo hivi kwa saa. Chumba cha mita tatu kwa tatu chenye kimo cha mita mbili na nusu kina mita za ujazo 22 na nusu. Ukifunga milango na madirisha, ndani ya saa moja na nusu bena itakuwa imedai hewa yote ya chumba, na wewe umo humo unakanda.

Kwa chumba cha aina hiyo naacha tundu mbili za kudumu, kila moja nafasi ya tofali moja la bloku lililoachwa kulazwa. Moja inakuwa sawa na sakafu, nyingine juu karibu na dari, kwenye kuta zinazotazamana. Ya chini inaingiza hewa na kutoa gesi iliyovuja, ya juu inatoa joto. Mwenye tanuri atataka kuziziba wakati wa masika. Asizibe, ajenge kijipaa cha kukinga mvua nje.

Ondoa kila kinachowaka. Hapa kwetu hilo lina maana yake: mkulima wa korosho huhifadhi mifuko ya salfa ya kupulizia mikorosho popote penye paa, na mara nyingi stoo iliyo kavu kuliko zote ni chumba cha tanuri. Salfa inawaka kwa joto la chini, vumbi lake hewani linaweza kulipuka, na moshi wake unakaba koo. Iende kwingine, pamoja na magunia na dumu la petroli la bodaboda.

Tundu la bena

Sasa ndipo bena inatoka kwenye boksi, kwa ajili ya kupimwa tu. Karatasi yake inataja umbali kati ya kichwa cha bena na kitu kilicho juu yake. Fuata hiyo. Jambo usilopaswa kuvumilia ni moto kugusa trei au ukuta. Moto ukiguswa na kitu cha baridi, gesi haiungui yote, na matokeo yake ni masizi na ile kaboni monoksaidi.

Kata tundu kwa grinda, si kwa nyundo, maana nyundo inafungua nyufa ulizoziba jana. Liwe pana kuliko bena ili hewa ya pili, ile inayoufikia moto kutoka nje ya bena, ipite pembeni yake. Weka kikalio cha engo, kipime kwa levo, na bena ikae kwa boliti mbili za kufunguka kwa spana. Usiichomelee moja kwa moja: utahitaji kuitoa kuisafisha. Toboa na tundu dogo la kuchungulia, ili mtu aone rangi ya moto bila kufungua mlango. Moto wa bluu uliotulia ndio unaotakiwa.

Mlango wa tanuri usiwe na kufuli wala komeo la kukaza. Uzito wake utoshe kuufunga. Gesi ikijikusanya ikawaka, bora mlango ufunguke kuliko ukuta.

Dai bena yenye kifaa cha usalama, ile ncha ya shaba inayokaa ndani ya moto na kufunga gesi yenyewe moto ukizimika. Tanuri ni chumba kilichofungwa, hakuna anayeona moto ukizimwa na upepo. Bena isiyo nacho ni ya kupikia supu barabarani.

Ukishapima, rudisha bena kwenye boksi na uzibe mdomo wake wa hewa kwa kitambaa. Nyigu wa udongo na buibui wanaupenda sana mdomo huo, na kiota kimoja kinatosha kurudisha moto nyuma kwenye koki.

Njia ya gesi

Mtungi ukae nje ya chumba, wima, kivulini, umefungwa mnyororo, mbali na mfereji na moto kwa mita tatu. Kwa bena kubwa mtungi mmoja wa kilo 15 unachoka: ukiona umande au barafu ubavuni, gesi haigeuki mvuke kwa kasi inayotakiwa. Fundi aunganishe miwili.

Kutoka mtungini hadi karibu na tanuri lipite bomba la chuma au la shaba nyekundu. Plastiki ya maji hapana. Linapopenya ukuta livishwe bomba kubwa zaidi. Mpira wa gesi utumike mwishoni tu, usizidi mita moja na nusu, usipite nyuma ya tanuri, na tarehe iliyochapwa juu yake isiwe imepita. Bomba la chuma lipake rangi mapema, hewa ya bahari haina huruma. Koki kuu iwe mahali unapoweza kuifikia bila kupita mbele ya tanuri.

Kabla gesi haijaingia, jaribu njia kwa hewa. Chukua mpira wa levo, ule wa waashi unaoonyesha maji ndani. Ukunje kama herufi U, tia maji nusu, ufunge ukutani kando ya rula. Mwisho mmoja uunge kwenye bomba, mwisho wa bena umezibwa. Puliza kwa mdomo kupitia upande wa mtungi hadi maji ya upande mmoja yapande sentimita 30 kuliko ya upande wa pili, kisha funga koki. Hizo ni milibari 30 hivi, sawasawa na shinikizo linalotolewa na regulata ya nyumbani, ile inayofungwa mdomoni mwa mtungi. Kaa robo saa, bomba likiwa kivulini, kwa sababu jua likilipiga hewa inatanuka na kukudanganya. Maji yakishuka hata nusu sentimita, kuna panapovuja. Pakaa povu la sabuni kila kiungo, patatoa mapovu. Usitumie kiberiti kutafuta uvujaji, hata leo wapo wanaofanya hivyo.

Siku ya bena

Kizima moto cha unga kiwe mlangoni, si nyuma ya tanuri, na ndoo ya mchanga kando yake. Namba ya Zimamoto ni 114, iandike ukutani kwa rangi. Watoto wawe kwa jirani.

Mwambie fundi yote uliyofanya, hasa shimo umelijazaje, kwa sababu hawezi kuliona tena. Kabla ya kila kuwasha, leo na siku zote, mlango wa tanuri uwe wazi dakika tano. Moto wa kuwashia unatangulia, gesi inafuata. Ukikataa kuwaka, funga koki, hesabu dakika tano nyingine bila kumsikiliza mteja aliye dirishani. Ukisikia harufu ya gesi, usiguse swichi ya taa. Funga mtungi, fungua milango, toka.

Moto wa kwanza uende kwa muda wa saa moja ukiwa mdogo, tanuri tupu, mlango umeegeshwa. Rangi mpya na mafuta ya shiti vitatoa harufu mbaya, hiyo ni kawaida ya siku ya kwanza. Baada ya hapo yule mama wa Chikongola alitia trei moja ya skonzi, akazitoa, akazinusa, akanitazama. "Fundi, zinanuka rangi." Nikamwambia hizo ni za kuku, mama, trei ya pili ndiyo ya kuuza.